Kitabu cha Ndege cha Shosho Waringa

Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, Rachael na nyanya yake walivaa viatu vya mpira na kwenda kutazama ndege.

Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa mji wa Kericho, pale majengo yanapoishia na chai inapoanza. Kutoka uani kulikuwa na njia nyembamba iliyoteremka katikati ya michai hadi kwenye kijito. Nyanya alitangulia, amevaa sweta yake ya kijivu yenye mifuko mikubwa. Rachael alimfuata akiwa amebeba kitabu.

Rachael alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya sita. Jina lake kamili lilikuwa Rachael Waringa. Waringa lilikuwa jina la nyanya, na kwa desturi ya Wakikuyu mtoto anayeitwa jina la mama ya baba yake hupendwa kama mama huyo. Ndiyo sababu baba yake, Kinuthia, alimwita "Mami" kila alipokuwa na furaha. Nyanya mwenyewe aliitwa Shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu, na kila mtu, hata na wateja wa duka lao.

Kitabu alichobeba Rachael kilieleza ndege wa Afrika Mashariki. Jalada lake lilikuwa limeng'oka zamani, na Shosho akalishonea jingine la katoni ya mbegu za sukuma wiki. Alikinunua mwaka aliofariki babu. Nyumba ilikuwa imenyamaza mno, alisema, akaona afadhali atoke nje asikilize viumbe wenye la kusema.

"Simama," Shosho alinong'ona asubuhi hiyo, akiinua kidole. "Umesikia?"

Rachael alisikia sauti nyembamba, kama mtu anayesugua kioo kwa kitambaa chenye maji.

"Huyo ni chozi. Dume. Yuko kwenye yale maua mekundu karibu na kijito. Fungua kitabu, upande wa kushoto, wa tatu kutoka juu."

Rachael alifungua. Wa tatu kutoka juu alikuwa chozi mwenye mgongo unaometa kijani. Akainua macho, na kweli, ndege yule yule alikuwa amening'inia kwenye ua jekundu, akichovya mdomo wake uliopinda.

"Shosho! Umemwonaje kutoka huku?"

"Nimemjua huyo kabla wewe hujazaliwa," Shosho alijibu, akacheka, akashika bega la Rachael ili washuke pamoja.

Rachael alijivuna sana. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba shosho yake ana macho ya mwewe.

Wiki hiyo zilikuja habari njema. Shangazi yake Rachael, Anti Drusilla, ambaye alikuwa mpishi katika hoteli moja mjini Cape Town, Afrika Kusini, alipiga simu akisema amemnunulia mama yake tiketi. Likizo ya Agosti Shosho angeenda kukaa naye. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana kwa miaka sita.

"Nitapanda ndege kwenda kuona ndege!" Shosho alisema, na nyumba nzima ikacheka. Hata mama yake Rachael, Wacera, aliyefanya kazi katika ofisi ya misitu huko Londiani na kurudi nyumbani mwisho wa wiki tu, alichekea kwenye simu.

"Lakini Mama," Kinuthia alisema, "ndege wa kule si wa hapa. Hicho kitabu chako cha katoni hakitakufaa. Nataka nikununulie kingine, kidogo, kinachoingia mfukoni, cha ndege wa huko unakoenda. Nimemwambia Phelix wa duka la vitabu aagize vichache kutoka Nairobi. Mami, utaenda na Shosho mkachague."

Rachael aliruka kwa furaha. Shosho alitabasamu, akakivuta kile cha katoni karibu naye.

Bwana Phelix alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye duka jembamba lililojaa vitabu vya shule hadi darini. Walipofika Jumamosi iliyofuata, aliwapangia vitabu vitatu kwenye kaunta.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye picha zilizopigwa kwa kamera, kurasa nzito zinazong'aa na tai mkubwa kwenye jalada. Cha pili kilikuwa kidogo kama kitabu cha nyimbo cha kanisani, chenye michoro ya rangi na maandishi madogo. Cha tatu hakikuwa kitabu hasa. Kilikuwa kadi ndefu ya plastiki inayokunjwa, yenye ndege wachache tu.

"Kitazame, Shosho! Kitazame hiki cha tai!" Rachael alisema, akikumbatia kile kikubwa. Moyoni alikuwa tayari anaona namna atakavyokisoma yeye mwenyewe Shosho akirudi.

"Vyote ni vizuri," Shosho alisema. "Chagua wewe."

"Lakini wewe ndiwe utakayekitumia."

Shosho alivuta kile cha pili, akakifungua katikati na kupitisha kiganja juu ya ukurasa. "Ona rangi za huyu," alisema kwa sauti ya kuridhika. "Kama kitenge cha Pasaka."

Rachael alichungulia. Ukurasa ule haukuwa na rangi hata moja. Ulikuwa na vivuli vyeusi vya mwewe na tai wanaoruka, ili msomaji ajifunze maumbo ya mabawa yao.

Alidhani Shosho anatania. Akamtazama usoni akingojea kicheko, lakini kicheko hakikuja. Bwana Phelix alikuwa ameenda upande wa pili wa duka kumhudumia mteja wa penseli.

"Shosho," Rachael alinong'ona, "ukurasa huu hauna rangi."

Mkono wa Shosho ulisimama. Kisha akakifunga kitabu taratibu. "Bwana Phelix," aliita, "tutarudi siku nyingine. Tuwekee."

Walitoka, wakatembea hadi njia panda. Shosho alinyanyua mguu kushuka barabarani, mahali ambapo mtaro wa maji ulikuwa wazi. Rachael alimdaka mkono na kumvuta kwa nguvu. Mguu wa Shosho ulining'inia juu ya mtaro, halafu ukapata ardhi.

"Hukuuona, Shosho," Rachael alisema. "Mtaro wote huo hukuuona."

Kando ya barabara kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe. Shosho aliupapasa, akaketi.

"Keti hapa," alisema. "Wewe si mtoto wa kudanganywa. Jicho hili la kushoto halioni kitu isipokuwa mwanga. Hili la kulia linaona kama mtu anayechungulia jikoni kupitia dirisha lenye moshi. Nakuona umbo, nakujua kwa sauti na kwa mwendo. Uso wako sijauona vizuri tangu mwaka jana."

"Na ndege?"

"Ndege nawasikia. Kitabu changu nimekishika kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Kile kipya ndicho kimenishinda."

Rachael alisogea karibu naye. "Tumwambie baba. Akupeleke hospitali."

"Hapana!" Shosho alimshika mkono. "Sikiliza, Rachael. Mama yangu alipofuka akiwa na umri kama wangu. Aliketi kando ya jiko miaka minane akilishwa na kuongozwa hata chooni. Ugonjwa ule umenifuata, na najua mwisho wake. Kabla haujanimaliza, nataka nimkumbatie Drusilla. Baba yako akijua, atasema siwezi kusafiri peke yangu, na tiketi itarudishwa. Niahidi hutamwambia mtu."

Rachael alimpenda Shosho kuliko alivyoweza kusema. Akaahidi.

Tangu siku hiyo alikuwa kama kivuli cha nyanya yake. Alitembea upande wake wa kushoto. Walipofika kwenye ngazi alisema "ngazi" polepole, kana kwamba anaimba. Alimtungia uzi kwenye sindano, akamsomea ujumbe wa simu, akamwonyesha kikombe kilipo kwa kukigongagonga mezani. Mama yake aliporudi kutoka Londiani aliwatazama, akasema, "Ninyi wawili mmegandishwa kwa gundi?" Wote wakacheka, lakini Rachael alicheka kwa shida. Usiku aliomba Mungu Agosti ifike upesi. Mara nyingine aliomba isifike kabisa, kwa maana alimwona Shosho akilini akiwa peke yake katika uwanja mkubwa wa ndege, akipapasa kuta.

Familia yao ilikuwa na duka la mbegu, mbolea na dawa za mifugo, agrovet kama watu wanavyoiita. Shosho ndiye aliyelianzisha, akaliendesha kwa miaka mingi kabla ya kumwachia Kinuthia. Siku za Jumamosi alasiri alipenda kusimama nyuma ya kaunta akiwa amevaa aproni yake ya kijani na kuamkiana na wateja. Kila chupa aliijua mahali pake.

Jumamosi moja mwezi wa Juni, lori la mbolea lilifika. Kinuthia alitoka kwenda ghala la nyuma kusimamia upakuaji. Rachael alikuwa anafagia karibu na mlango. Mawingu meusi yalikuwa yanakusanyika, kama ilivyo kawaida Kericho saa za alasiri.

Aliingia Nyagaka, mama mmoja aliyefuga ng'ombe ng'ambo ya kijito. "Shosho, hujambo? Nipe dawa ya minyoo ya ndama, upesi, mvua hii isinikute njiani."

"Sijambo, binti yangu. Ndama amekuwa mkubwa?"

"Ameanza kukohoa na tumbo limevimba. Watoto wangu hawali kwa wasiwasi. Wamempa jina Sukari."

Shosho alinyoosha mkono kwenye rafu ya pili, mahali ambapo dawa ya minyoo ilikaa miaka yote. Akatoa chupa nyeupe yenye kifuniko cha buluu, akaisugua kwa aproni. "Tikisa vizuri kabla ya kumnywesha," alisema. Nyagaka aliitia kikapuni, akalipa na kuondoka mbio.

Rachael alimaliza kufagia. Alipoinuka kutundika ufagio, macho yake yaliangukia pengo lililobaki kwenye rafu ya pili. Akasoma lebo za chupa zilizobaki pande zote za pengo lile.

Dawa ya kuua magugu. Hatari. Sumu.

Siku mbili kabla ya hapo, baba yake alikuwa amepanga rafu upya ili kupata nafasi. Dawa za minyoo zilikuwa sasa upande wa pili wa duka. Shosho hakuona tofauti. Chupa zilikuwa za ukubwa mmoja na vifuniko vya rangi moja.

Rachael alifungua mdomo kumwita baba, akaufunga. Akimwita, kila kitu kitajulikana. Tiketi itarudishwa. Shosho atajua kwamba mjukuu wake hana neno la kuaminika. Alimtazama Shosho aliyekuwa akikunja kitambaa kwenye kaunta, ametulia, anaimba kwa sauti ya chini. Ndipo akamwona akilini ndama akinyweshwa ile chupa, na watoto wamemzunguka.

Akatupa ufagio, akatimua mbio.

Hakufuata barabara. Alikata katikati ya michai, matawi yakimchapa mapajani, akavuka kijito kwa mawe na kupanda mteremko wa pili huku mvua ikianza kumpiga usoni. Alipofika kwenye lango la Nyagaka hakuwa na pumzi. Ndani ya ua, ndama mwekundu alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Mvulana mkubwa amemshika kichwa, na Nyagaka alikuwa anatikisa chupa kwa nguvu.

"Usimpe!" Rachael alipiga kelele. "Mama Nyagaka, usimpe! Si dawa yake!"

Nyagaka aligeuka akashangaa. Alikuwa bado hajafungua kifuniko. Akaisoma lebo, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Kisha akaketi pale pale kwenye matope, chupa mkononi.

"Mungu wangu," alisema. "Sikutazama. Kwa Shosho huwa sitazami. Nani amefanya hivi?"

Rachael alisaidiwa kujifuta mvua kwa kanga ya jikoni, wakarudi dukani pamoja.

Kinuthia alikuwa amerejea kwenye kaunta. Alipoisikia habari, uso wake ulikauka. Aliichukua ile chupa, akatazama rafu, kisha akamgeukia binti yake.

"Ni wewe uliyempa? Si nimekukataza kugusa dawa, Rachael? Mara ngapi?"

Rachael alimwona Shosho amesimama, ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Angeadhibiwa, angekatazwa kuingia dukani, na siri ya Shosho ingebaki salama. Wiki ijayo ingekuja chupa nyingine na mteja mwingine.

"Si mimi, baba," alisema, machozi yakimtoka. "Ni Shosho. Haoni. Macho yake yameharibika tangu mwaka jana. Aliniambia nisiseme."

Kinuthia alimtazama mama yake. Shosho hakukana. Alifungua kamba za aproni, akaikunja mara mbili na kuiweka juu ya kaunta. "Nisamehe, Nyagaka," alisema. Kisha akatoka nje akipapasa mlango, akiwa hajamtazama Rachael.

Nyagaka alipewa dawa iliyofaa, na Kinuthia mwenyewe akamsindikiza hadi nyumbani kwake kuomba radhi.

Jioni hiyo Shosho hakuja mezani. Rachael alimpelekea chai chumbani. Alimkuta ameketi kitandani, uso ameuelekeza dirishani.

"Uliniahidi," Shosho alisema.

"Ndiyo, Shosho."

"Nami nilikuamini kuliko mtu yeyote katika nyumba hii."

Rachael aliweka kikombe, akakigonga kidogo ili Shosho ajue kilipo, akasimama tu akilia. Mlango ukafunguliwa. Kinuthia aliingia, akapiga magoti sakafuni mbele ya mama yake. Rachael hakuwahi kumwona baba yake amepiga magoti isipokuwa kanisani.

"Mama, miezi yote hii nimekuona ukishika ukuta ukitembea, nikasema ni magoti yanauma. Umeacha kusoma Biblia, nikasema umechoka. Mtoto huyu ameona yale ambayo mimi mtu mzima nilishindwa kuona. Usimkasirikie yeye. Nikasirikie mimi."

Shosho alinyoosha mkono katika giza lake, akakipata kichwa cha Kinuthia.

"Naogopa, Kinuthia," alisema. "Naogopa kukaa kando ya jiko kama mama yangu."

Jumatatu walikwenda hospitali. Rachael aliruhusiwa kukosa shule siku hiyo, kwa sababu Shosho, ingawa hakuwa amezungumza naye vizuri tangu Jumamosi, alisema hataingia kwa daktari bila yeye.

Daktari wa macho aliitwa Adoyo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu, na alichungulia macho ya Shosho kwa taa ndogo kwa muda mrefu, huku Rachael akizishika funguo za baba yake hadi zikamuumiza kiganja.

"Mama, ugonjwa huu huitwa mtoto wa jicho," alisema. "Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo safi. Uzee ukiingia, kioo hicho huweza kupata ukungu, mwanga ukashindwa kupita. Hicho ndicho kimekupata. Tunafanya upasuaji mfupi, tunatoa kioo kile chenye ukungu na kukuwekea kingine kidogo, safi. Tutaanza na jicho moja, likipona tufanye la pili."

"Halafu?"

"Halafu natumaini utaona. Sehemu nyingine za jicho lako ni nzima."

"Mama yangu," Shosho alisema polepole, "alikaa gizani miaka minane. Inawezekana naye alikuwa na kitu hiki hiki?"

"Siwezi kusema, kwa kuwa sikumpima. Inawezekana. Kuna magonjwa mengine ya macho ambayo yakishaharibu hayarudishiki, ndiyo maana nawaomba watu waje mapema. Aliyekuleta amekusaidia sana."

Shosho aligeuza uso upande ambao Rachael alikuwa akivuta pumzi. Alinyoosha mkono, na Rachael akauchukua.

Anti Drusilla alipoambiwa alilia kwanza, kisha akamgombeza mama yake kwenye simu hadi wote wakaanza kucheka. Hakurudisha tiketi. Aliibadilisha iwe ya mwisho wa Oktoba. Huko kwao, alisema, miezi hiyo maua huwa yamechanua na ndege wana vifaranga.

Upasuaji wa kwanza ulifanyika. Kesho yake muuguzi aliondoa kitambaa kilichofunika jicho la Shosho, huku familia nzima imesimama kama watu wanaongoja kupigwa picha. Shosho alipepesa. Aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake mwenyewe kana kwamba ameiazima. Kisha akamwangalia Rachael, akainama karibu sana.

"Wewe una chunusi puani," alisema. "Tangu lini? Na nani alikata nywele hizi vibaya hivi?"

"Ni mama," Rachael alisema, na wote wakaangua kicheko, Wacera akicheka kuliko wengine. Shosho aliendelea kumtazama mjukuu wake, macho yamejaa. Muuguzi akamkumbusha kwamba hatakiwi kulisugua jicho, hata kama analia.

Jicho la pili nalo lilipopona, walirudi kwa Bwana Phelix. Vile vitabu vitatu bado vilikuwepo.

Safari hii Shosho hakusema vyote ni vizuri. Alivaa miwani yake mipya ya kusomea, akavuta kiti, akavisoma. Alipima kile kikubwa kwa mkono, akajaribu kukitia katika mfuko wa sweta. Nusu ya tai ilibaki nje.

"Picha zake nzuri," alisema. "Lakini angalia. Ndege huyu amepigwa picha akiwa kwenye kivuli. Utajuaje kama tumbo lake ni jeupe au la kijivu? Na kina ndege wa Afrika nzima. Nitatafuta mmoja kati ya wote hao, ndege mwenyewe ameshaenda zake."

Rachael alitazama chini. "Shosho, nilikipenda kwa sababu nilitaka nikisome mimi ukirudi."

"Nilijua," Shosho alisema akicheka. "Hata bila macho nilijua. Sauti yako ilikuwa na mate."

Ile kadi ya plastiki ilikuwa rahisi kubeba, lakini ndege wake walikuwa wachache mno. Mwishowe Shosho alikirudia kile kidogo. Michoro yake ilionyesha dume na jike wakiwa pamoja, na mishale midogo ikielekeza kwenye alama za kutazama, kama doa la shingoni au mstari wa jichoni. Kando ya kila ndege palikuwa na ramani ndogo ya mahali anapopatikana. Kiliingia mfukoni kizima. Shosho alikifungua katikati, kwenye ule ukurasa wa vivuli vyeusi.

"Kweli," alisema. "Hauna rangi hata moja."

Bwana Phelix hakuelewa kwa nini mteja wake na mjukuu walikumbatiana juu ya kaunta, lakini alikifunga kitabu kwa karatasi nzuri.

Alasiri ya mwisho kabla ya safari, Rachael alimsaidia Shosho kupanga begi. Walipofika kwenye soksi, aliuliza jambo lililokuwa likimkera kwa miezi.

"Shosho, bado umenikasirikia kwa sababu nilivunja ahadi?"

Shosho aliacha kukunja, akamketisha kando yake.

"Nilikasirika siku tatu, na nilikuwa nimekosea siku zote tatu. Nilikuomba kitu ambacho mtu mzima hapaswi kumwomba mtoto. Nilikupa mzigo wangu uubebe kwa sababu mimi niliogopa. Ahadi ni kitu kizuri, Rachael, uzitimize zako. Lakini mtu akikuambia ufiche ugonjwa, au jambo linaloweza kumdhuru yeye au mwingine, hiyo siri usikae nayo. Mpelekee mtu mzima unayemwamini, hata kama aliyekuambia ni mimi. Usingesema, Sukari angekufa, labda na mtu, nami ningekuwa nangojea giza kwa ugonjwa unaotibika. Ulinipenda ulipoahidi. Ulinipenda zaidi uliposema kweli. Umesikia?"

"Nimesikia, Shosho."

"Haya, nipe hizo soksi."

Siku ya nne baada ya Shosho kuondoka, simu ya Kinuthia ililia wakiwa mezani. Shosho alikuwa kwenye skrini, kofia kichwani, upepo ukimvuruga, na nyuma yake bahari. Hakuwasalimu hata.

"Rachael! Kuna ndege hapa juu ya paa la Drusilla, mweupe, mgongo mweusi. Katika kitabu wako wawili wanaofanana. Mmoja ana macho meusi, mwingine ana macho meupe."

"Na huyo ana macho gani, Shosho?"

"Ngoja," Shosho alisema, akainuka na kugeuza uso kuelekea paani. "Ngoja nimtazame vizuri."